Makaburi ya Rabai na Ribe si ya Wamisionari Peke Yao

Mgeni akipelekwa Rabai husimuliwa hadithi ile ile. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, aliteremka Mombasa mwaka 1844, barua ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, mfukoni. Julai mwaka huo huo mkewe Rosine akafariki, na kitoto chao cha kike kikamfuata. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf akawaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba pwani hii sasa ina kaburi la mmisionari, na hiyo ndiyo dalili kwamba kazi imeanza. Agosti 1846 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann wakapanda vilima vya Rabai, wakajenga. Hapo ndipo historia ya sehemu hii ya Kilifi inapoanzishwa kwenye vibao na vipeperushi.

Sina ugomvi na Krapf. Ugomvi wangu ni sisi wenyewe kumwachia yeye na wenzake makaburi yote.

Na wenzake hao walikufa kweli kweli. Emma, mke wa Rebmann, alifia huku mwaka 1866. Ukitoka Rabai kwenda Ribe, mahali Thomas Wakefield wa Wamethodisti alipoanzisha misheni mwaka 1862, yuko mkewe Rebecca, aliyefariki Julai 1873 pamoja na mtoto wake mchanga. Hata miaka 30 hakuwa amefikisha. Mtu hawezi kusimama mbele ya kaburi kama hilo akaleta siasa. Mama aliyekufa na kitoto chake, mbali na kwao, ni wa kuombewa tu.

Lakini nani alilichimba kaburi lile? Nani alibeba jeneza, nani alilima mihogo iliyolisha misheni, nani alichota maji? Na walipokufa wao, walilazwa wapi?

Hapa ndipo hadithi tunayowauzia watalii inapokuwa nyembamba. Rebmann alikaa Rabai karibu miaka 29, mpaka akapofuka, na waumini aliowaacha alipoondoka mwaka 1875 walikuwa wachache mno. Kilichoijaza Rabai watu hakikuwa mahubiri yake. Walioijaza ni watoro: watu waliokimbia mashamba ya mabwana zao huku pwani, wakapenya msituni usiku, wakaibuka kwenye vilima wakiomba hifadhi. Mwaka huo huo wa 1875 Church Missionary Society (CMS), shirika la Kianglikana la Uingereza lililowatuma Krapf na Rebmann, lilianzisha kijiji cha Frere Town, karibu kabisa na alipolala Rosine, kwa ajili ya watu walioopolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wa Frere Town waliokolewa na serikali ya Uingereza na meli zake. Rabai watu walijileta wenyewe, kwa miguu, huku wakitafutwa. Kama neno muasisi lina maana yoyote, basi hao ndio waasisi.

Wamisionari wengine waliwaogopa, maana kila mtoro alikuwa kesi. Wenye watumwa walidai mali yao, na mara kadhaa vita vilikaribia kuzuka. Fuladoyo, kijiji cha watoro katika nchi ya Wagiriama, kiliona hayo waziwazi: David Koi, Mgiriama aliyekuwa kiongozi wa Wakristo pale, aliuawa mwaka 1883. Rabai iliponea kwa fedha. Mwaka 1888 George Mackenzie, mkubwa wa Imperial British East Africa Company, kampuni ya Kiingereza iliyosimamia pwani wakati huo, alikubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa vyeti vya uhuru. Fidia, tuelewane, walipewa mabwana. Watumwa wenyewe walipewa karatasi.

Watu 1,400 na ushei, na vizazi vyao. Wote walikufa, maana kila mtu hufa, na wengi wao walizikwa kwenye vilima hivi hivi. Tafuta majina yao kwenye jiwe. Nakutakia safari njema.

Mtumwa mmoja wa zamani angalau jina lake limebaki, ingawa yeye hakuwa mtoro. William Jones alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akalelewa na misheni Nasik, India, na mwaka 1864 akaletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Alipewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu James Hannington katika safari ya kwenda Buganda. Hannington alitangulia na wachache, akamwacha Jones nyuma na msafara mkubwa. Oktoba, huko Busoga, askofu akauawa. Jones ndiye aliyewarudisha watu waliosalia. Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa wamedhoofika, mbele yao bendera ya samawati iliyoandikwa kwa herufi nyeupe: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Wanawake wa Rabai walitoka mbio kuwatazama, kila mmoja akimtafuta wake katika mstari ule. Hannington ana makanisa na shule duniani kote. Wapagazi waliokufa naye siku ile hawana hata orodha inayosomwa kanisani kwao.

Nasikia mtu akisema: yameshapita, na majina yamepotea. Hayajapotea yote. Misheni ilikuwa na tabia ya kuandika, iliandika mpaka ikapitiliza: ubatizo, ndoa, maziko, nani katoroka kwa nani. Nyaraka za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzisoma. Kaunti inayoweza kugharimia tamasha la utalii inaweza kumgharimia mwanafunzi mmoja wa historia akae na makaratasi hayo miezi michache.

Tena tusijidanganye kwamba kabla ya 1846 vilima vilikuwa vitupu. Krapf alipokelewa na wazee wa kaya, yaani makazi matakatifu ya Wamijikenda yaliyomo msituni, na kwa idhini yao ndipo alipojenga. Wazee hao walizikwa kayani, kwa siri na kwa taratibu zao, na hakuna anayewadai kibao. Kaya za Rabai na Ribe ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Huko ukimya una heshima yake, maana jamii ndiyo iliyouchagua. Kimya cha watoro ni kingine kabisa.

Tumeshaona pia hasara ya kupuuza kumbukumbu za wafu. Wagiriama huwasimamishia wazee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, wakishafariki vigango, mbao zilizochongwa zenye kichwa na mabega, na kigango kikishasimikwa hakiondolewi. Wezi waliving'oa wakaviuza kwa wafanyabiashara wa sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwenye boma moja la Kilifi vilikutwa Marekani, kimoja Illinois State Museum, kingine Hampton University, na familia ilivirudishiwa mwaka 2007 kwa sababu tu mtafiti, Monica Udvardy, alikuwa amevipiga picha kabla havijaibwa. Bila picha ile pasingekuwa na kesi.

Kwa hiyo nataka majina yaandikwe, Rabai na Ribe, pembeni ya yale ya Emma na Rebecca, si juu yake. Ila kabla fundi hajaitwa kuna jambo moja la kumalizwa nyumbani. Mpaka leo pwani hii mtu anaweza kuambiwa katika ugomvi wa shamba, au siku ya posa, kwamba babu yake alikuwa mtumwa, na likamchoma. Zipo familia ambazo zingependa jina la babu lionekane, na zipo ambazo zimetumia vizazi vitatu kulifunika. Kaunti haina haki ya kuwaamulia. Waulizwe kwanza, nyumba kwa nyumba, na mzee wa mtaa, bila kamera, na atakayekataa, jina la babu yake lisiandikwe.