Mahadhi ya Torati si pambo

Ukimpa kijana wa Kiyahudi sauti iliyorekodiwa ili akariri sehemu yake ya Torati, umemfundisha wimbo mmoja tu. Akitimiza miaka 13 ataitwa mbele ya gombo la Torati katika sinagogi, ataughani bila kukwama, na watu watampongeza. Jumamosi inayofuata husomwa sehemu nyingine, naye hana pa kuanzia. Njia hii inapendwa kwa sababu ni ya haraka. Kwangu mimi ni hasara kubwa, kwa kuwa mahadhi haya ndiyo tafsiri ya kwanza ya andiko.

Gombo lenyewe lina konsonanti tupu. Halina irabu, halina nukta wala alama ya ghani. Hayo yamo katika vitabu vya kawaida, kwa mfumo ambao wataalamu wa Tiberia, mji wa kando ya Ziwa Galilaya, waliukamilisha katika karne ya 10, maarufu wao akiwa Aaron ben Asher. Alama zao, teamimu, zina kazi tatu: kuonyesha neno lighaniwe vipi, mkazo uangukie silabi gani, na neno liungane na linalofuata au litengwe nalo. Aliyesoma madrasa akazijua alama za waqfu katika msahafu ataielewa hii kazi ya tatu mara moja.

Tazama Mwanzo 1:1, maneno 7 kwa Kiebrania: Bereshit bara Elohim et hashamayim ve'et ha'arets. Chini ya Elohim pana etnahta, kituo kikuu cha katikati ya aya. Kila nusu ina kituo kidogo, tipha: kimoja kwenye Bereshit, kingine kwenye hashamayim. Hivyo aya inapumua hivi: hapo mwanzo / Mungu aliumba // mbingu / na nchi. Wanafunzi wengi huikosea tipha, kwa sababu sauti yake inavuta kwenda mbele. Wanaighani kana kwamba inaunga, ilhali inatenga. Wimbo unabaki mtamu, sentensi imekatwa pasipo pake.

Kituo kikihama, maana nayo huhama. Mwenye Biblia ya Kiswahili ya Union Version anaweza kuliona hili mwenyewe. Mathayo 3:3 inasema "Sauti ya mtu aliaye nyikani", lakini Isaya 40:3 inasema "Itengenezeni nyikani njia ya Bwana". Je, nyikani yuko anayelia, au ndiko njia inakotengenezwa? Katika Kiebrania cha Isaya, neno "aliaye" lina zakef, alama ya kutenga. Basi nyika ni ya njia. Mwenye kughani sawasawa ameshatoa jibu kabla hajafungua kitabu chochote cha ufafanuzi.

Mkazo nao una uzito wake. Katika Mwanzo 29:6 Raheli "anakuja", na katika 29:9 "alikuja". Herufi ni zilezile, ba'ah. Kwanza mkazo uko mwishoni, kisha uko mwanzoni, na Rashi, mfafanuzi mashuhuri wa Torati wa karne ya 11, alisimama hapo kueleza tofauti hiyo. Ndiyo maana sheria ya Kiyahudi husema msomaji akikosea kiasi cha kubadili maana, anarudishwa asome upya. Akikosea mahadhi tu na maana ikabaki, anakanywa lakini harudishwi.

Basi mwalimu aanze na kalamu. Mwanafunzi aandike aya, aweke mstari mzito penye etnahta, kisha mistari miepesi penye vituo vidogo, aisome bila mahadhi yoyote huku akipumzika penye mistari. Hapo ndipo afundishwe ghani, kwa mafungu ya alama zinazoandamana, si alama mojamoja. Aonywe mapema kuhusu alama mbili, kadma na pashta: umbo ni lilelile, ila kadma hukaa juu ya silabi yenye mkazo na huunga, pashta hukaa mwisho wa neno na hutenga. Asiyeangalia mahali ilipo atageuza kituo kuwa kiungo, na mkazo ataupeleka mwisho hata pasipofaa. Baada ya hapo atumie tikuni, kitabu chenye safu mbili: moja ina alama zote, nyingine ni tupu kama gombo. Asome safu ya kwanza, aifunike, aisome ya pili.

Katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi kuhusu sheria, wimbo unabeba mzigo mkubwa zaidi, ijapokuwa hauna alama zilizoandikwa. Ukurasa wa chapa yake ya Vilna, inayotumika sana, hauna alama ya kuuliza, na Kiaramu chake mara nyingi hakina neno la swali. Waswahili tunalijua jambo hili: "Amekuja" na "Amekuja?" hutofautishwa na kiimbo peke yake. Wanafunzi wa yeshiva, chuo cha Talmudi, husoma wawili wawili kwa sauti, pingamizi likipandishwa, jibu likishushwa. Mmoja akishusha sauti mahali pa swali, mwenzake hana haja ya kumuuliza kama ameelewa, anamrudisha palepale. Rabi Yohanan, katika sehemu ya Talmudi iitwayo Megila, ukurasa 32a, aliwasema vikali wanaosoma Torati bila ghani na kujifunza bila wimbo.

Kijana apimwe hivyohivyo. Mpe aya asiyowahi kuisikia, kalamu mkononi, na sauti iliyorekodiwa izimwe.