Takwimu za wilaya na mgawo wa fedha za afya

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP (Tanzania Essential Health Interventions Project), ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na shirika la utafiti la IDRC la Kanada, ulizipa timu za afya za wilaya za Rufiji na Morogoro takwimu zilizokusanywa kaya kwa kaya, zikionyesha maradhi yanayoua na umri wa wanaokufa. Picha ya Morogoro ilisikitisha: malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, yaani miaka ambayo waliokufa mapema wangeishi, ilhali ilipata asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Wilaya hizo zilipopanga upya matumizi, kwa nyongeza ndogo ya fedha, vifo vya watoto vilipungua sana katika miaka michache.

Nguvu ya takwimu hizo, kwa maoni yangu, ilitokana na mahali zilikokusanywa. Rejesta ya zahanati huhesabu waliofika. Aliyefia nyumbani kwa sababu nauli haikupatikana hayumo ndani yake. Halmashauri inayogawa dawa kwa kufuata rejesta pekee huwaongezea wanaohudumiwa tayari, na kijiji kisicho na zahanati huonekana kana kwamba hakina wagonjwa.

Hata hivyo, wanaosita kugawa fedha kwa kufuata takwimu za vifo wana hoja, na iliyo nzito zaidi inatoka katika bajeti ile ile. Kifua kikuu, kilichosababisha chini ya asilimia 4 ya miaka iliyopotea, kilipata asilimia 22 ya fedha. Kwa haraka mtu angesema ni upendeleo. Lakini kifua kikuu huambukiza, matibabu yake huchukua miezi, na yakikatizwa huzaa usugu wa dawa. Huenda kiliua wachache kwa sababu fedha hizo zilikuwepo. Takwimu za vifo hupima mzigo uliobaki baada ya huduma, wala si ule ambao ungerudi huduma ikiondolewa, na mpangaji asiyetofautisha hayo mawili anaweza kubomoa mpango unaookoa watu.

Kipimo chenyewe pia kina udhaifu, kwani sababu ya kifo cha nyumbani hutafutwa kwa kuwahoji wafiwa kuhusu dalili, na homa hufanana.

Bado naona kazi ya kukusanya takwimu kaya kwa kaya inastahili gharama yake, hasa wilaya zenye mazingira yanayofanana zikitumia kwa pamoja takwimu za eneo moja lililochaguliwa kuziwakilisha. Sharti langu ni mamlaka: mganga mkuu wa wilaya ambaye vifungu vya bajeti yake vimefungwa wizarani hawezi kuhamisha hata shilingi moja kwenda kwenye ugonjwa ambao jedwali limemwonyesha.