Pumzi peke yake haitoshi

Mwandishi mmoja anasema wanamichezo hushinda Dancing with the Stars ya Marekani, shindano la mastaa kucheza dansi kwenye televisheni, kwa sababu wana pumzi. Hapana bwana! Bondia Floyd Mayweather alikuwa na pumzi tele mwaka 2007, na bado alitolewa mapema. Kinachowabeba ni kuzoea kufokewa na kocha na kurudia hatua ile ile mpaka miguu ikariri. Wachezaji wa mpira wa kikapu ndio waliosota: Iman Shumpert, 2021, ndiye wa kwanza kutoka NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kushinda. Miguu mirefu ile, jamani, utaificha wapi kwenye rumba? Na Uingereza je, kwenye shindano kama hilo, Strictly Come Dancing? Walishinda Darren Gough 2005, Mark Ramprakash 2006, wote wacheza kriketi. Mchezo wa kusimama juani siku nzima!