Kabla mtoto hajavuta pumzi

Nilifundisha hisabati shule ya msingi moja wilayani Nachingwea kwa miaka 7, na kila siku, mwisho wa andalio la somo, sehemu ya tathmini nilijaza maneno yaleyale: "Somo limeeleweka." Nani angebisha? Nikiuliza "Mmeelewa?", watoto 90 waliitikia kwa pamoja, "Ndiyoooo!" Wakaguzi (siku hizi wathibiti ubora) walipokuja walipekua azimio la kazi na andalio, wakatazama zana ukutani, wakasaini, wakawahi gari.

Huku Leeds, Uingereza, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, niliwekewa kamera darasani. Nikajua natafutiwa sababu. Kumbe video ni yangu; nisiporuhusu, hata mkuu wa shule haioni. Niliitazama usiku, peke yangu na aibu yangu. Nauliza swali, na kabla mtoto hajavuta pumzi nimeshajijibu. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alilipima jambo hili miaka ya 1970: walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu, wakisubiri 3 au zaidi, majibu ya watoto hurefuka na wanaonyamaza hupungua. Ungeniambia hayo zamani, ningeapa kwamba mimi nasubiri.

Sasa zipo programu zinazosikiliza kipindi na kukuhesabia umeongea wewe kiasi gani na wanafunzi kiasi gani. Wenzangu huku wanazisifu. Kwa kwetu nina mashaka. Ile "Ndiyoooo" ya watoto 90 si itahesabiwa ushiriki? Na mwalimu wa darasa la kwanza Newala akichomeka Kimakonde mtoto ashike maana ya "kutoa", pengine ndiyo dakika bora ya siku nzima, programu iliyozoeshwa Kiingereza itasikia kelele tu.

Mdogo wangu anafundisha hukohuko Newala. Nilimshauri atege simu dirishani, arekodi dakika 10, atazame na mwenzake mmoja anayemwamini, afute. Akacheka. "Kaka, ikivujia kwenye grupu la kata je?"

Sikuwa na jibu. Simu anayo, na vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni vipo, lakini nani ataanika kosa lake mbele ya watu ambao kesho watalifikisha kwa afisa elimu? Kilichonisaidia mimi ni ile ruhusa ya kuificha video, zaidi ya kamera yenyewe.

Juzi kaniandikia. Karekodi sauti tu, keshaifuta. "Kaka, kumbe naongea kama redio."