Kibali Kwanza, Skana Baadaye

Ushauri unaosambaa sana kuhusu kupima usalama wa tovuti ni huu: pakua skana (programu inayotafuta mianya ya usalama yenyewe), weka anwani, bonyeza kitufe, subiri ripoti. Siupendi hata kidogo. Unamfanya mtu aamini kwamba hatari iko kwenye mianya itakayogunduliwa tu, wakati kipimo chenyewe kinaweza kuiangusha tovuti kabla mdukuzi hajaisogelea.

Skana ikipewa nywila ya msimamizi, hufuata kila kiungo inachokikuta. Sasa mtengenezaji fulani kaweka kiungo cha "Futa" mbele ya kila makala, na hakuweka swali la kuthibitisha. Skana haijui maana ya neno hilo, yenyewe inabofya tu. Ikifika mwisho wa orodha, makala zote zimekwenda. Fomu ya mawasiliano nayo imeshajazwa takataka mara mia kadhaa, na kila mara mtu wa huduma kwa wateja amepokea barua pepe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba skana inayoshambulia isiguse tovuti hai. Tengeneza nakala kwenye seva ya pembeni, jaza hifadhidata data za kubuni, zima utumaji wa barua pepe, halafu ishambulie utakavyo. Kwenye tovuti hai, skana ya bure iitwayo ZAP ina namna ya kutazama tu: unapitia kurasa kwa kivinjari chako, yenyewe inasoma majibu ya seva bila kuongeza ombi lolote. Hiyo sina ugomvi nayo.

Kupima kwa mkono nako kuna mitego. Wanaoanza hupenda kupachika sharti la 1=1 kila wanapoona kisanduku cha kuandikia, waone kama maandishi yao yanapenya hadi kwenye amri inayopelekwa kwa hifadhidata. Kwenye kisanduku cha kutafuta, pengine utaona tu matokeo mengi kuliko kawaida. Lakini wewe uliye nje hujui amri iliyo nyuma yake inasoma au inafuta. Ikiwa inafuta, 1=1 ni kweli kwa kila mstari, na jedwali zima linakwenda na maji. Alama moja ya nukuu ikiifanya seva ilalamike, dokezo umeshalipata. Mengine yamalizie kwenye nakala.

Kuna udhaifu ambao skana huupita bila kuuona. Kwenye orodha ya hatari kubwa za tovuti ya mwaka 2021, inayotolewa na shirika la usalama wa programu la OWASP, nafasi ya kwanza ilishikwa na kasoro za udhibiti wa ufikiaji, yaani mtu kufungua kisichokuwa chake. Skana itajuaje risiti ipi ni ya nani? Hapa fungua akaunti mbili, zote zako. Kwa akaunti ya kwanza, tazama namba ya risiti kwenye anwani, tuseme 1041. Ingia kwa akaunti ya pili, omba 1041 hiyo hiyo. Ikifunguka, mwanya upo. Piga picha ya skrini, andika saa, acha. Wanaonikera ni wale wanaoendelea 1042, 1043 mpaka wamepakua risiti za wateja wote, eti wanathibitisha ukubwa wa tatizo. Huko ni kuchukua data za watu, nia iwe njema namna gani.

Na kibali? Kiwe cha maandishi, na kitoke kwa mwenye mamlaka kweli. Septemba 2019, wafanyakazi wawili wa Coalfire, kampuni ya kupima usalama, walikamatwa ndani ya mahakama ya kaunti ya Dallas, jimbo la Iowa, Marekani, wakipima usalama wa jengo. Mkataba walikuwa nao, tena na idara ya mahakama ya jimbo. Mkuu wa polisi wa kaunti alishikilia kwamba jengo ni la kaunti, na jimbo halikuwa na uwezo wa kuruhusu jambo hilo. Mashtaka yalifutwa Januari 2020, lakini selo walishailala. Kwenye tovuti mambo yamechanganyika zaidi: kurasa ni za mteja, seva ni ya kampuni nyingine, malipo yanapitia kwa wa tatu. Sahihi ya mteja haikuruhusu kuwagusa hao wengine.

Ukikutana na mwanya kwenye tovuti isiyo yako, ripoti ulichokiona na usichimbe zaidi. Tatizo ni pa kuripoti. Tangu 2022 kuna waraka wa RFC 9116, unaomwelekeza mwenye tovuti namna ya kuweka faili la security.txt, linalosema mianya iripotiwe wapi, mahali panapojulikana. Vipengele vya lazima ni viwili tu: mawasiliano, na tarehe ambayo taarifa hizo zitapitwa na wakati. Ni kazi ya dakika chache, na bado kuna tovuti kubwa zisizo nalo. Wenye tovuti hizo wakija kulalamika kwamba mtafiti aliwaanika hadharani badala ya kuwaambia faragha, huruma yangu huwa nusu.