Samaki aina tatu, minyoo aina 24

Ziwa Takvatn liko kaskazini mwa Norwei, ndani ya eneo la Aktiki, na kwa zaidi ya nusu ya mwaka uso wake huwa umefunikwa na barafu. Samaki wake ni wa aina tatu tu: trauti, ambaye ndiye mwenyeji wa asili, chari wa Aktiki, aliyepandikizwa karibu mwaka 1930, na samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni, aliyeletwa karibu mwaka 1950. Anayehesabu viumbe kwa kutazama majini atasema hilo ni ziwa maskini. Lakini mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya sampuli 120 za minyoo bapa, waliotolewa katika konokono, kome wadogo, wadudu wa majini na samaki wa ziwa hilo, wakakuta spishi 24, ambazo 16 kati yake zilionekana kuwa ngeni kabisa kwa sayansi.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara inanithibitishia kwamba umaskini wa maji ya kaskazini tuliufikiria hivyo kwa sababu tulihesabu viumbe wanaoonekana na kuwaacha waishio ndani ya wenzao. Kimelea ni kiumbe kamili, mwenye ukoo na historia yake, na orodha ya viumbe wa ziwa isiyomtaja ni orodha pungufu.

Kiini cha habari hii ni konokono mdogo aitwaye Radix balthica. Yai la mnyoo huingia majini pamoja na kinyesi cha ndege au cha samaki, na kwa spishi nyingi huanguliwa lava anayeogelea, ambaye ana saa chache tu za kumpata konokono anayemfaa. Akishaingia, hujizidisha humo bila kujamiiana, mara nyingi akiharibu kabisa uwezo wa konokono kuzaa, hata nguvu ambazo zingetumika kutaga mayai zikaishia kuwatunza maelfu ya lava wa hatua ya baadaye waitwao sekaria. Sekaria hao hutoka na kumtafuta mwenyeji mwingine, yaani kiumbe mwingine wa kuishi ndani yake. Wale wa jenasi ya Diplostomum, kwa mfano, hupenya ngozi ya samaki na kwenda hadi machoni, ambako spishi kadhaa hukaa ndani ya lenzi na kumletea samaki mtoto wa jicho. Samaki asiyeona vizuri huwa windo jepesi kwa shakwe, na ndani ya utumbo wa shakwe mnyoo hukomaa, akataga, na safari ikaanza upya.

Kwa hiyo mnyoo anayekutwa ndani ya konokono ni ushahidi kwamba wenyeji wake wengine nao wamefika hapo. Konokono ni kama daftari la wageni: ndege wa kaskazini huja kwa miezi michache tu ya kiangazi kisha wakaondoka, lakini majina yao, tuseme, yamebaki yameandikwa ndani ya konokono. Takvatn yenyewe ni mfano mzuri, kwa kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba samaki wawili waliopandikizwa walifuatwa na vimelea wapya na wawindaji wapya. Vinasaba vilihitajika kulisoma daftari hilo, maana lava wa spishi tofauti hufanana mno hata chini ya hadubini.

Miongoni mwa familia zilizopatikana Takvatn imo ile ya Schistosomatidae, ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua vyema kwa sababu ndiyo familia ya minyoo wa kichocho. Jamaa zao wa kaskazini ni minyoo wa ndege, hasa bata. Wakikosea wakaingia katika ngozi ya mtu anayeoga ziwani, hufa humo, naye hubaki na vipele na mwasho. Hata Aislandi wapo, wakiwamo wale wa Landmannalaugar, ambako maji huchemshwa na joto la ardhini.

Nasisitiza kuhesabu sasa kwa sababu kaskazini kunapata joto upesi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia, na joto huongeza kasi ya sekaria kukua na kutoka ndani ya konokono. Asiyejua ziwa lilikuwa na minyoo gani jana hataweza kusema kesho ni nani ameingia na nani ametoweka.

Kwetu, konokono wa maji hutajwa karibu kila mara kwa ajili ya kichocho, na ni haki, kwa kuwa ugonjwa huo umewatesa watu wa kando ya Ziwa Victoria, na wa Unguja na Pemba, kwa vizazi vingi. Hata hivyo, konokono hao hao wamebeba minyoo wengine wa ndege, wa samaki na wa mifugo. Shakwe wa mgongo mweusi wanaozaliana Finlandi huruka hadi Ziwa Victoria kukwepa baridi ya kwao, wakala samaki wetu kama walivyokula wa kwao. Ningefurahi kuona konokono wa Mwanza na wa Kisumu wakipimwa kama walivyopimwa wale wa Takvatn, kwa kuorodhesha kila mnyoo aliyemo, awe anamdhuru binadamu au asimdhuru.