Pua moja Mirihi haitoshi

Juni 2019 roboti Curiosity, iliyo katika kreta ya Gale kwenye sayari ya Mirihi, ilipima gesi ya methani ikapata sehemu 21 kwa kila bilioni ya hewa. Siku chache baadaye ikapima tena: hata sehemu moja haikufika. Hesabu za kemia zinasema methani ikishaingia katika hewa ya Mirihi hukaa miaka 300 hivi kabla ya mwanga wa jua kuimaliza. Hii ilikwenda wapi? Ilipeperushwa? Ilitoka kwenye ufa wa jirani, au ndani ya roboti yenyewe, kama baadhi ya wakosoaji walivyoshuku? Trace Gas Orbiter, chombo kinachoizunguka sayari hiyo tangu 2016, hakijaiona methani kabisa, ingawa kingeitambua hata ikiwa sehemu 0.05 tu kwa bilioni. Lakini chenyewe hupima kilomita kadhaa juu, jua likichomoza au kuzama. Curiosity hupima karibu na ardhi, mara nyingi usiku.

Wapo wanaosema vihisi vidogo vya gesi havifai kupelekwa Mirihi; wangesimama hapa kidogo. SAM, maabara iliyo tumboni mwa Curiosity, ina uzito wa kilo 40 hivi. Ni hodari kweli, na kwa uzito huo huwezi kupeleka kumi. Hupima mahali ilipo, kwa nadra, na usahihi wake wote hauwezi kusema gesi ilitokea upande gani. Vihisi vyepesi vikitawanywa kuizunguka kreta, tungejua kipi kilianza kunusa, kipi kilifuata, kipi hakikupata kitu. Na kama inayovuja ni roboti, kilicho mbali nayo kingekaa kimya. Kwangu hilo la mwisho ndilo zito. Mwaka 1976 vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi viligundua misombo ya klorini, ikadhaniwa ni mabaki ya visafishio vya duniani; ni mwaka 2008, chombo kingine, Phoenix, kilipokuta perklorati (chumvi zenye klorini) katika udongo wa Mirihi, ndipo dhana hiyo ilipoanza kutiliwa shaka.

Wapinzani nao wana hoja. Kihisi cha oksidi ya bati, kilichozoeleka duniani, hutegemea oksijeni inayonata juu yake kinapopashwa moto. Gesi ikiiondoa, ukinzani wa umeme hubadilika. Hewa ya Mirihi ni kabonidioksidi kwa asilimia 95, oksijeni haifiki hata 0.2. Isitoshe, kihisi hicho huchanganya gesi moja na nyingine. Kwa aina hiyo wameshinda, tusibishane.

Vihisi vya leza ni habari nyingine. Kila gesi hufyonza mwanga wa mawimbi yake, oksijeni iwepo isiwepo. Udogo unagharimu kweli: mwanga ukipita njia fupi ndani ya gesi, kiasi kidogo sana hakionekani, na wastani wa 0.41 ambao SAM imeupima huko Gale huenda ukavipita vingi. Ila fumbo la Juni 2019 halikuwa la 0.41. Lilikuwa la 21, na hiyo ndiyo shabaha ambayo wahandisi wangepewa.